Marafiki zangu wa milimani wananiita "Breki", je niache kwenda nao?

SWALI

Dada mshauri, habari za kazi. Nasoma safu yako siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimeamua manake hili jambo linanikosesha usingizi na nikimwambia mtu wa nyumbani ataniambia tu acha hiyo michezo kaa nyumbani, na mimi sitaki kuacha.

Tuko watano, tumejuana tangu chuo na kinachotuweka pamoja ni milima. Kwenye baridi tunaenda kuskii, ila sio kule kwenye viwanja vyenye lifti na walinzi, sisi tunapanda wenyewe kwa miguu masaa kibao halafu tunashuka kwenye theluji ambayo haijaguswa na mtu. Theluji ikianza kuyeyuka tunahamia mtoni, rafti moja, yani boti la mpira, na kayaki mbili, vile vimtumbwi vyembamba, siku kadhaa tunalala kandokando ya maji. Hao watu nawapenda dada, yani ndo ndugu zangu kabisa.

Kuna mmoja tumwite Kapteni. Ndo mzoefu kuliko wote, ndo anapanga njia, na amewahi kututoa kwenye hali ngumu zaidi ya mara moja kwahiyo tunamwamini. Sasa baridi iliyopita tulikua tunavuka sehemu tambarare chini kidogo ya mteremko tuliotaka kuushuka, nikasikia sauti nzito hivi, "vuum", na theluji ikashuka kidogo chini ya miguu, alafu ufa mwembamba ukakimbia mbele ya skii zangu. Nikasema jamani mmesikia hiyo? Kapteni akasema theluji inajishusha tu, ni kawaida. Wengine kimya. Tukapanda, tukashuka mmoja mmoja, hakuna kilichotokea na kwa kweli ilikua siku nzuri mno. Tangu hapo ndo naitwa Breki. Nikiuliza swali lolote, "Breki ameanza".

Sasa wamepanga mto. Ni korongo refu, kuta pande zote mbili, na mwaka huu theluji ilikua nyingi na joto limekuja ghafla kwahiyo maji yamejaa. Kapteni anasema maji mengi ndo raha yenyewe. Kwenye grupu wote wameweka dole gumba. Ila usiku huo huo mmoja wao akaniandikia pembeni, "hata mi naogopa huu mto ila usimwambie mtu".

Nimewaza niseme naumwa. Nimewaza pia nijitoe kwenye grupu kimyakimya. Na nawaza labda mimi ndo tatizo, labda ni mwoga tu na hii michezo haina nafasi ya watu waoga. Nifanyeje?

Breki

JIBU

Mdogo wangu, asante kwa kuandika, na nianze na hiyo sauti kwanza kabla ya marafiki, manake hapo ndo pana jibu la swali lako la mwisho kama wewe ni mwoga au la.

Theluji mlimani hailali kama kitu kimoja, inalala kwa tabaka, kila dhoruba na kila siku ya baridi kali au jua inaongeza tabaka lake. Kuna wakati tabaka la chini linakua na chembe kubwa zisizoshikana, na juu yake linakuja tabaka zito lililoshikana vizuri, sasa hilo la juu linakua kama bati lililolazwa juu ya gololi. Ile "vuum" uliyosikia ni lile tabaka dhaifu la chini likivunjika chini yenu, na ufa uliokimbia mbele ya skii zako ni lile la juu likikatika. Kwahiyo Kapteni alisema kweli kwamba theluji ilikua inajishusha, ila huko kujishusha ndo hatari yenyewe. Kwa watu wanaofundisha usalama wa theluji hiyo sauti na hizo nyufa ni kati ya dalili za wazi kuliko zote kwamba mteremko uko tayari kuporomoka, dalili nyingine ya hivyo ni kuona poromoko bichi jirani. Nyie mlikua sehemu tambarare ndo mkapona hapo hapo. Maporomoko mengi ya aina hii huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 mpaka 45 hivi, na kinachokuja baada ya sauti ile ukiwa umesimama kwenye mteremko wa namna hiyo, au hata ukiwa chini yake, ni bamba zima la theluji kushuka na wewe. Na mpasuko unaweza kuanzia chini tambarare ukasafiri mpaka juu.

Kwahiyo hapana, we sio mwoga, ulisikia kitu halisi ukakisema kwa sauti, na kati ya watu watano ni wewe pekee uliyefanya hivyo.

Najua utaniambia, lakini dada hakuna kilichotokea. Hapo nataka ukae na mimi kidogo manake naona ndo panapowaharibu watu wazuri wengi. Mlima haukupi majibu kila ukikosea. Unaweza kuushuka mteremko mbovu ukatoka mzima kwa sababu hukupita juu ya ile sehemu nyembamba ambako uzito wa mtu unalifikia tabaka dhaifu, umepita mita chache pembeni tu, na we utarudi nyumbani unaamini ulijua unachofanya. Mkirudia hivyo misimu kadhaa mnajikuta mna imani kubwa sana iliyojengwa juu ya bahati. Na kumbuka kwenye ajali za kuua, takriban mara 9 kati ya 10 poromoko linakua limeanzishwa na aliyefunikwa mwenyewe au mtu wa kundi lake, sio mlima umeamua wenyewe tu. Hiyo mi naiona habari njema kwa sababu ina maana sehemu kubwa iko mikononi mwenu.

Sasa kuhusu kundi. Mwaka 2004 mtafiti mmoja, Ian McCammon, alichapisha uchambuzi wa ajali 715 za maporomoko ya theluji huko Marekani, na alichokua anatafuta ni kwa nini watu wanaingia kwenye miteremko ambayo dalili zake mbaya ziko wazi. Alikuta mitego ya kichwani inayojirudia rudia: sehemu tumeizoea, tumeshapanga na tumeshafika mpaka hapa, nisionekane vibaya mbele ya wenzangu, theluji mpya itaguswa na wengine kabla yetu, wengine wapo hapa kwahiyo ni salama, na yule mzoefu yupo yeye anajua. Soma tena hiyo orodha alafu urudie barua yako. Huo wa mzoefu ndo mkubwa kwenu. Mtu anakua kiongozi kwa sababu ni mzoefu, au ni mkubwa kiumri, au ni fundi wa kuskii, au anajiamini tu, alafu kundi zima linampa kazi ya kufikiri na kila mtu anaacha kuangalia. Hapo haina maana kwamba Kapteni ni mtu mbaya. Ina maana macho kumi yamegeuka mawili.

Tarehe 19 Februari 2012 kule Tunnel Creek, karibu na Stevens Pass, kiwanja cha kuskii jimbo la Washington huko Marekani, kundi la watu zaidi ya 12 waliteremka kwenye theluji nje ya mipaka ya kiwanja, wote wazoefu hasa, wengine ni watu wa kazi hiyo hiyo ya theluji. Poromoko likaua watatu. Baadaye baadhi ya waliobaki walieleza kwamba walikua na wasiwasi tangu juu, hasa na ukubwa wa kundi, ila hawakusema, kila mmoja akiwaza na watu wote hawa wanaojua hivi nani mimi niseme. Kwahiyo hili sio tatizo la watu wasiojua, linawakuta hata wanaojua kuliko sisi.

Na wewe mdogo wangu una ushahidi mkononi kwamba ndicho kinachotokea kwenye grupu lenu. Huyo aliyekuandikia usiku aliweka dole gumba mbele ya wote. Kwahiyo kati ya watano wawili hawataki, na hao wawili ni wale unaowajua tu, hao wengine hujawauliza. Dole gumba kwenye simu sio ridhaa, ni mtu hataki kuwa wa kwanza kukataa.

Ndo maana nakwambia usiseme unaumwa. Najua ni njia rahisi na hakuna atakayekasirika. Ila ukiumwa, yule mwenzako anabaki peke yake na hofu yake ndani ya korongo, na Kapteni anaondoka akiamini wote waliobaki wako tayari kwa asilimia mia. Atapanga kila kitu kwa hesabu ya uongo. Na tena kwenye rafti mtu mmoja akitoka mambo yanabadilika, uzito unabadilika, kasia zinapungua, wa kurusha kamba ufukweni anapungua. Wana haki ya kujua kwa nini haupo.

Tuje mtoni sasa, manake hapa ndo pana haraka.

Mito hii inapimwa kwa madaraja, la 1 mpaka la 6, ila daraja linategemea maji yako kiasi gani siku hiyo. Mto mlioushuka mkausifu maji yakiwa ya kawaida sio mto ule ule maji yakijaa. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma inaongezeka mara nne. Zile sehemu za maji tulivu kando ambako mlikua mnasimama kupumua zinafunikwa, maporomoko ya maji yaliyokua yametengana yanaungana yanakua moja refu, na mtu akianguka anaogelea mbali mno kabla ya kufikiwa. Alafu mafuriko ya mwanzo wa joto yanabeba miti. Mti ulioangukia mtoni maji yanapita katikati ya matawi, mwili haupiti, na maji yanakubana pale pale, watu wa mito wanauogopa kuliko jiwe lolote. Kwenye korongo lenye kona nyingi hauoni mti mpaka umeufikia.

Na maji yenyewe ni theluji iliyoyeyuka jana. Ukiingia kwenye maji ya baridi namna hiyo dakika ya kwanza huwezi kutawala pumzi, unahema tu, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo umekunywa. Ukipita hapo una kama dakika 10 za mikono na miguu kukutii, baada ya hapo vidole havishiki kamba hata ukirushiwa vizuri. Kupoteza fahamu kwa baridi kunakuja baadae, baada ya kama lisaa limoja hivi, ila kama hukuvaa laifujaketi hutafika huko. Kwahiyo mnavaa kwa ajili ya maji, sio kwa ajili ya jua la juu. Wazoefu wengi maji yakiwa ya baridi sana na msaada uko mbali wanauhesabu mto daraja moja juu ya ulivyoandikwa, na hilo peke yake linatosha kuurudisha huu mto mezani.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni hizo kuta. Mto wa kawaida una heshima moja nzuri ambayo mlimani mngeiazima: mkifika kwenye sehemu mbaya mnashuka, mnatembea kando, mnaangalia, na yeyote asiyependa anabeba kayaki yake begani anazunguka kwa miguu, hakuna anayemuuliza kitu. Hiyo ndo demokrasia ya mto. Kwenye korongo la kuta pande zote mbili hiyo haki haipo. Ukishaingia, umeingia kwa yote yaliyomo. Na kwenye rafti moja hakuna wa kutembea peke yake, mtu mmoja akisema siwezi, boti zima limesema. Kwahiyo hapana ya mto huu inatakiwa isemwe kabla hamjafungua hata kamba ya kwanza ya mzigo, na wa kuisema ni wewe, wiki hii.

Mtafute Kapteni peke yake, ana kwa ana kama inawezekana, isiwe kwenye grupu na isiwe mko kwenye maegesho mnavaa vifaa tayari. Usianze na ile siku ya theluji, atajihisi anashtakiwa. Anza na mto. Mwambie hivi kwa maneno yako: "Kaka mi nakuamini na ndo maana nakuja kwako. Kwa maji haya sitaingia kwenye hili korongo. Nataka tuende wote ila kwenye mto mwingine, au tusubiri maji yashuke." Alafu nyamaza. Usitoe sababu kumi, ukitoa kumi atajibu ile dhaifu kuliko zote na itaonekana amekushinda. Akitaka kujua zaidi muulize yeye maswali: tutatoka wapi mtu akiumia katikati? Nani amepita juu kuangalia miti tangu maji yapande? Rafti ikipinduka sehemu nyembamba zaidi, nani anakua chini na kamba? Tutaanza saa ngapi? Hili la saa msilipuuze, manake maji ya theluji yanafuata jua, karibu na mlima yanapanda jioni, na ukiwa mbali chini wimbi lile lile linakufikia usiku au hata asubuhi yake, kwahiyo kambi iliyokua kavu mnalala inaweza isiwe kavu alfajiri.

Usimtaje yule mwenzako, alikuomba. Ila mrudie yeye mwenyewe umwambie, mi nimeshasema, nafasi iko wazi na wewe useme. Mara nyingi akishapatikana wa kwanza wa pili hachelewi.

Na kuna kitu kuhusu Kapteni nataka ukifikirie. Mtu anayebeba maamuzi ya wenzake wanne kila safari mara nyingi naye ana hofu zake, ila anaangalia nyuma anaona watu kimya na madole gumba, anasoma kwamba wote wako sawa na yeye ndo hapaswi kuwaangusha. Nyie mnamfuata yeye, na yeye anawafuata nyie. Sishangai kabisa ukimwambia ukute anashusha pumzi.

Hili la mto likishapita, ndo mkae wote watano muweke utaratibu, na siku nzuri ni siku ambayo hamuendi popote. Utaratibu ninaoutetea mimi ni huu na siuachii: mmoja akikataa, wote wamekataa. Hatakiwi kuthibitisha, hatakiwi kujua jina la tabaka la theluji, haulizwi mara mbili, na habandikwi jina. Hilo la Breki liishe. Waambie wazi kwamba unajua ni utani wa upendo ila linafanya kila mtu afikirie mara tatu kabla ya kufungua mdomo. Na kabla ya mteremko wowote msimame, kila mtu aseme anachokiona, aanze mwenye uzoefu mdogo na Kapteni amalizie, manake akianza yeye wengine watasema tu ndiyo. Asubuhi msome taarifa ya hatari ya maporomoko ya eneo hilo. Ina ngazi tano, na msidanganyike kwamba ya tatu ni ya katikati kwahiyo ni ya wastani, kwenye ngazi hiyo mtu kuanzisha poromoko ni jambo la kutarajia na ndo ngazi inayoua watu wengi kwa sababu inaonekana ya kuvumilika. Amueni nyumbani kabisa, kwa ngazi hii hatupandi chochote kinachozidi nyuzi 30 wala hatupiti chini yake, muandike, ili kule juu jua linapowaka na theluji inang'aa msianze kujadiliana upya.

Vifaa sijavitaja manake naamini mnavyo, bikoni, kile kifaa cha kutuma na kupokea ishara ya kumtafuta aliyefunikwa, kila mtu mwilini, koleo, na fimbo ndefu ya kuchomea theluji. Ila mfanye mazoezi navyo, mfukie begi mtafute, mara nyingi. Aliyefunikwa akitolewa ndani ya dakika 10 hivi za mwanzo nafasi yake ni kubwa, baada ya hapo inaporomoka vibaya, na hakuna helikopta itakayowahi muda huo. Ni nyie wanne. Fikiria wanne hao ni nani na wanaweza nini, ukiwa wewe ndo uko chini.

Je kama Kapteni akikataa, akisema tunaenda na asiyetaka abaki? Basi baki. Andika kwenye grupu kwa jina lako, bila hasira, kwamba kwa maji haya wewe hauingii kwenye korongo, ila utawaendeshea gari na kuwasubiri wanapotokea, na wakuachie ratiba yao na saa ya kupiga simu ya uokoaji wasipoonekana. Hiyo ni kazi halisi, kila safari ya mto inamhitaji huyo mtu. Urafiki hauvunjiki hapo. Wakirudi salama usikubali iwe ushahidi kwamba ulikosea, tumeshaongea kuhusu bahati. Ila kama na msimu ujao wa theluji bado kusema hapana ni kuchekwa, basi kula nao, cheka nao, sherehekea nao, na mlimani tafuta watu wengine wa kwenda nao. Wapo wengi wanaotafuta mtu mwenye masikio kama yako.

Ukishaongea na Kapteni niandikie tena, nataka kujua alijibu nini.

Dada yako